NANI KASEMA PIANO NDIYO INASEMA KWELI?

Najua nimepotea. Mwezi wa kumi na mbili niliaga hapa kwamba naenda nyumbani Choma kula michembe na kupumzisha kichwa, nikaahidi kurudi na picha za Krismasi. Picha ninazo, ila sina moyo wa kuzibandika, na mkisoma mpaka chini mtajua kwa nini. Bumu halijaingia, tesiti ya saikolojia ya elimu ni Jumatatu, na mimi badala ya kusoma nimekaa naandika kwa hasira. Mnivumilie.

Hasira yenyewe imeanzia chumbani kwetu hosteli, Jumapili jioni. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu alikuja na laptopu yake kutuonyesha video ya vyombo vya Mmarekani mmoja anaitwa Harry Partch. Kwa msiomjua, huyu bwana alizaliwa 1901 akafariki 1974, na sehemu kubwa ya maisha yake alijitengenezea vyombo vyake mwenyewe na ngazi yake mwenyewe ya sauti. Kuna mabakuli makubwa ya kioo yamening'inizwa kwenye fremu, watu wanayagonga. Kuna marimba makubwa ambayo mpigaji anasimama juu ya kijukwaa kuyafikia. Ukizisikia sauti zake mara ya kwanza unaweza kudhani mtu kaangusha kabati la vyombo. Tulikuwa saba chumbani. Wote wakasema jamaa ni jiniasi. "Huyu kavunja sheria zote," dada mmoja akasema, anatikisa kichwa kwa heshima.

Basi na mimi nikachomoa simu. Nikawawekea voisi ya sekunde 47 ya babu yangu anapiga chombo alichokitengeneza kwa mikono yake. Wakacheka. Nasema walicheka, mmoja mpaka akajitupa kitandani. "Mbona imepotoka sauti hivyo?" "Mwambie babu aipeleke kwa fundi!" Masikio yaleyale, chumba kilekile, dakika tano hazijapita.

Sikuwajibu usiku ule. Nilinyamaza kwa aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya babu. Mtu wa kwanza kusema chombo cha babu kimepotoka sauti ni mimi. Na mimi sikuishia kusema.

Nianze na chombo chenyewe. Babu mzaa mama ni fundi baiskeli. Miaka yote amekaa chini ya mwembe wake pale Choma, wilaya ya Igunga, anaziba pancha na kunyoosha rimu. Baiskeli yake ya kwanza ilikuwa Phoenix, na ilipochoka kabisa hakuwauzia watu wa vyuma chakavu. Alizitoa spoku, akazikata, akaziponda ncha juu ya kipande cha reli mpaka zikawa bapa kama ulimi, akazipanga 17 juu ya boksi la mninga. Zimelala juu ya daraja la chuma na zimebanwa kwa waya. Pembeni kaning'iniza vizibo vya soda ili sauti itoke na mkwaruzo, maana sauti tupu anasema ni ugali mkavu. Chombo anakiita Baiskeli. Jioni akitaka kupiga anasema "ngoja nipande baiskeli," na sisi wajukuu tulikuwa tunacheka kila siku kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Kuna atakayeniambia hicho ni malimba tu, mbona yapo kila mahali. Ni kweli ukoo wa chombo hicho umeenea, kuanzia Kongo mpaka Msumbiji. Lakini mpangilio wa sauti wa Baiskeli haupo pengine popote. Babu hakuazima sauti zake kwenye chombo cha mtu mwingine. Alizichukua kwa bibi na majirani zake wawili walipokuwa wakitwanga mpunga na kuimba. Alikuwa anakaa pembeni na plaizi, anasukuma spoku ndani kidogo sauti ipande, anaivuta nje kidogo ishuke, mpaka spoku na koo la bibi viwe kitu kimoja. Mama anasema kazi hiyo ilichukua misimu miwili ya mavuno. Sasa niambieni, mtu aliyebuni chombo, akabuni na ngazi ya sauti, kisha akatunga nyimbo za kupigwa kwenye ngazi hiyo, darasani anaitwa nani? Anaitwa mtunzi. Kwetu anaitwa mzee wa baiskeli.

Haya, dhambi yangu ni hii. Kwaya yetu ya kijijini ilitaka wimbo wa Krismasi wenye "vionjo vya asili". Nikiwa likizo mimi ndiye napiga kinanda. Mwalimu wa kwaya akasema chombo cha babu yako kingefaa sana, ila hakiendi na kinanda, hebu kipange sauti. Nikaenda kwa babu, akanipa bila swali. "Ichukue mchumba, ila uirudishe nzima." (Ananitania hivyo tangu nikiwa mdogo, wenye babu mnaelewa.)

Nikapakua kwenye simu programu ya kupanga sauti za gita. Ile ambayo ukipiga, mshale unakwambia uko juu au uko chini. Kila spoku niliyoigusa mshale ulikataa. Nikakaa saa tatu nzima na plaizi, nasukuma, navuta, mpaka mshale ukawa kijani kwa spoku zote 17. Na kwa kuwa nilitaka chombo king'ae siku ya sikukuu, nikachukua msasa nikazisugua kutu yote. Siku yenyewe watu walishangilia mno. Video ninayo, nimevaa kitenge kipya, natabasamu mpaka masikioni. Nilijiona nimemkomboa babu.

Tarehe 26 nikamrudishia. Akaiweka mapajani, akapiga mara moja, akapiga tena. Akaniangalia. "Mchumba, mbona umeifundisha Kizungu?" Nikacheka nikidhani ni utani wetu wa kila siku. Jirani yake, mmoja wa wale watwangaji, alikuwepo. Akajaribu kuimba naye kama alivyozoea, akaishia njiani, akasema labda ana mafua. Babu akaitundika Baiskeli ukutani. Mpaka naondoka tarehe 5 Januari hakuwa ameishusha.

Mtauliza kwa nini asiipange upya mwenyewe. Ana miaka 78 na masikio yameanza kumtoka, sauti za juu hazisikii vizuri tena. Ngazi ile ilikuwa imehifadhiwa mahali pawili tu, kwenye spoku na kwenye koo la bibi. Bibi tulimzika 2011. Spoku nikazishughulikia mimi.

Kwa hiyo ninapouliza nani kasema piano ndiyo inasema kweli, najiuliza mwenyewe kwanza. Tangu Januari nimekuwa nikisoma mambo haya kila nikipata muda maktaba, na nilichokikuta kimenifanya nijione mjinga zaidi.

Chukua waya wa breki, ukaze, uupige. Unachosikia si sauti moja. Waya mzima unatikisika, na papo hapo nusu yake inatikisika, na theluthi yake, na robo yake, na kuendelea, kila sehemu na sauti yake ndogo ndani ya ile kubwa. Hii ni fizikia, haina Uzungu wala Unyamwezi. Piano haifuati sauti hizo. Piano imechukua umbali kutoka sauti moja mpaka mwenzake wa juu yake, ikaukata vipande 12 vilivyo sawa, ili mpigaji aweze kuhama kii yoyote bila kupanga upya. Ni akili nzuri, sikatai. Lakini ina bei, na bei yake ni kwamba karibu kila sauti imesogezwa kidogo kutoka pale waya wenyewe unapoiweka. Kuna kipimo kinaitwa senti, kila kipande cha piano kina senti 100. Sauti ya tano ya waya iko senti 14 chini ya pale piano inapoiweka. Ya saba iko senti 31 chini. Ya kumi na moja inaangukia karibu katikati kabisa ya vitufe viwili, piano haina hata pa kuikalisha. Kama kesi ni nani kapotoka, mbele ya waya mtuhumiwa ni piano.

Halafu ile namba 440 ambayo programu yangu ya simu ilianzia kuhesabu. Mnajua ilikotoka? Wafaransa mwaka 1859 waliweka sheria kwamba sauti hiyo iwe 435. Mwaka 1939 ukafanyika mkutano wa kimataifa London, wakakubaliana iwe 440. Mwaka 1955 shirika la kimataifa la viwango, ISO, likapendekeza hiyohiyo. Yaani ni makubaliano ya kikao, kama sisi tunavyokubaliana mchango wa graduesheni. Na kikao kina haki yake, watengeneza vinanda walihitaji namba moja ili wauziane. Ila mimi nilibeba maazimio ya kikao cha London nikayapeleka Choma kana kwamba ni amri za Musa.

Na kichekesho ni kwamba hata hicho kipimo cha senti kilipendekezwa na Mwingereza, Alexander Ellis. Mwaka 1885 alichapisha utafiti baada ya kupima ngazi za sauti za mataifa mengi, akasema wazi kwamba ngazi ya muziki si moja na wala hakuna iliyowekwa na maumbile peke yake, ziko nyingi na zinatofautiana sana. Mzee Ellis alikitumia kipimo chake kuonyesha kwamba ngazi ni nyingi. Mimi nikakitumia kuzifanya ziwe moja, tena kwa plaizi.

Sasa turudi kwa Partch, maana wenzangu wa chumbani wanadhani namchukia. Simchukii hata kidogo. Nilivyomsoma nimempenda. Mwaka 1930 alichukua nyimbo zake zote za miaka kumi na nne akazichoma kwenye jiko la chuma, kwa sababu zilitungwa kwa ngazi asiyoiamini tena. Akatengeneza ngazi yenye sauti 43 mahali ambapo piano ina 12. Wakati wa mdororo wa uchumi alizurura Marekani pamoja na wazururaji, akilala wanakolala. Yale mabakuli ya kioo ni chupa kubwa za maabara, alizipata kwenye maabara ya chuo kikuu cha California kule Berkeley. Chupa za maabara na spoku za Phoenix, ebu niambieni tofauti iko wapi? Na tazameni alichokuwa anakitafuta. Alitaka muziki ufuate sauti ya mtu anavyoongea, akaona piano haiwezi, ndipo akaanza kutengeneza vyombo vinavyoweza. Babu alitaka chuma kifuate koo la mwanamke anayetwanga. Hawa wawili wangekutana chini ya ule mwembe wangeelewana bila mkalimani.

Tofauti iliyopo ni moja, nayo naikubali. Partch aliandika. Mwaka 1949 alitoa kitabu kizima chenye hesabu za sauti zake zote, michoro ya vyombo na sababu za kila kitu. Ndiyo maana alipokufa vyombo vyake vikaja kutunzwa vyuoni na wanafunzi wanajifunza kuvipiga. Babu hakuandika. Lakini kwenye ukoo wetu kuna aliyefika chuo kikuu, anajua kuandika, ana simu ya kurekodi, ana muda wa likizo mwezi mzima. Mtu huyo alikwenda kwa babu akiwa na plaizi badala ya daftari. Mnamfahamu.

Na msidhani jambo hili ni la babu yangu tu. Shukeni kutoka Tabora mfuate njia ya zamani ya misafara. Wazee wetu wapagazi walibeba pembe za ndovu kwa njia hiyo, wakapita Ugogo wakitozwa hongo (watani zetu, hatujasahau!), wakaenda kutua mizigo Bagamoyo. Hukwe Zawose naye alitokea hukohuko Ugogo na akaishia Bagamoyo, akifundisha Chuo cha Sanaa ambacho leo ni TaSUBa, mpaka alipofariki Desemba 2003. Wataalamu kama Gerhard Kubik wameeleza kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo inakaa palepale kwenye sauti za ndani ya waya, kuanzia ya nne mpaka ya tisa au ya kumi. Yaani ile sauti ya saba ambayo piano inaikosea kwa senti 31, Mgogo anaiimba tangu utotoni bila programu ya simu. Na Zawose hakurithi tu akatulia. Alipiga ilimba kubwa, zenye ndimi nyingi kuliko za wazee wake, na kwenye ilimba za namna hiyo kuna ndimi ambazo hazipigwi kabisa, zipo ili zitikisike zenyewe mwenzake akiguswa. Huo ni uhandisi, wadau.

Mwaka 2002 alitoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gita kutoka Kanada ambaye naye alibuni gita lake la umeme ambalo sauti yake haikatiki. Wavumbuzi wawili kwenye albamu moja! Lakini sikilizeni watu wanavyowazungumzia. Brook ni mbunifu, Zawose ni "muziki wa asili". Hapo ndipo nagombana na upande wa pili, wale wanaojiita wapenzi wa utamaduni. Ninyi hamkicheki chombo cha mzee, mnakisifia. Ila mnakisifia kana kwamba kiliota porini kama uyoga, hakina mwenyewe, hakina mwaka, hakina mtu aliyekaa misimu miwili na plaizi. Neno "asili" linaonekana la heshima lakini linamnyang'anya mtu kazi yake. Kwaya yetu ilitaka "vionjo vya asili", na kwa sababu vionjo havina mwenyewe, hakuna aliyeona haja ya kumuuliza mwenyewe. Mimi nikiwa wa kwanza. Familia ya Zawose yenyewe haijagandishwa na neno hilo. Mwanawe Msafiri alitoa Uhamiaji mwaka 2017 akichanganya vyombo hivyo na mitambo ya umeme, na mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose walitoa albamu ya Maisha, wanawake wakiwa mbele.

Ukitazama pande zote za jirani ni hadithi ileile. Kule Kinshasa, Mingiedi wa Konono N°1 alitengeneza maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari mabovu ili likembe isikike mtaani juu ya kelele, na mlio ule wa kukwaruza dunia ikaja kuupenda albamu yao ilipotoka 2004. Baganda wana amadinda, marimba yenye hatua tano zinazokaribia kulingana, hutazipata kwenye kitufe chochote cha piano. Zanzibar wapiga kanuni na udi wanapita katikati ya vitufe kila siku, na hakuna anayewaambia wamepotoka. Halafu kuna zile kalimba zinazouzwa mtandaoni. Rumeti wangu anayo, ameinunua kwa bumu la muhula uliopita, na alikuwa kati ya waliocheka. Kalimba hiyo ukiifuatilia nyuma utafika kwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, ambaye mwaka 1950 alizunguka Tanganyika akirekodi muziki, na baadaye miaka hiyohiyo ya hamsini akaanza kutengeneza malimba ya kuuza yakiwa yamepangwa kwa do-re-mi ya piano ili Wazungu wayapige bila shida. Tracey alirekodi na kupima kwanza, hilo nampa. Ila leo chombo cha Mwafrika kimekwenda kutyuniwa, kimerudi kwetu kwa posta, na tunakitumia kumcheka babu aliyebaki na chake. Teh teh... nacheka lakini siyo kwa furaha.

Najua hoja mtakazoleta, nizijibu hapahapa.

Ya kwanza, "sasa tutapigaje pamoja kama kila mzee ana ngazi yake?" Swali zuri, kwaya lazima iimbe pamoja. Lakini kwa nini anayehama awe babu siku zote? Vinanda vingi vya kisasa vina sehemu ya kushusha au kupandisha kila sauti peke yake, senti kwa senti. Kinanda cha kwaya yetu kinayo. Nimeikuta juzi kwenye kitabu cha maelekezo, baada ya miaka minne ya kukipiga. Kwa dakika ishirini ningekipeleka kinanda kwa babu, na baada ya Krismasi ningebonyeza kitufe kimoja kikarudi kilipokuwa. Spoku hazina kitufe hicho.

Ya pili, "kwa hiyo kila kitu ni sawa, hakuna kupotoka?" Hapana. Nilimwona babu mara nyingi akiipiga spoku moja, anakunja uso, anachukua plaizi. Alikuwa na kosa lake na usahihi wake, tena mkali kuliko mshale wa simu. Ninachokataa ni kuhukumiwa kwa sheria ya kijiji kingine.

Ya tatu, aliisema dada mmoja jana kantini, kwamba Partch ni msomi, alijua anavunja nini, wakati babu yako amebahatisha tu. Dada yangu, misimu miwili ya mavuno siyo kubahatisha. Na Partch mwenyewe hakumaliza chuo, mambo mengi alijisomea maktaba za mjini. Tukianza kudaiana vyeti hapa hata yeye ataondoka.

Sasa niwaambie nilipofikia. Ile voisi ya sekunde 47 mama aliirekodi mwezi wa nane, alinitumia WhatsApp eti nisimsahau babu. Nilikuwa nimeisikiliza mara moja tu. Sasa nimeisikiliza mpaka rumeti ananitishia kuhama. Ndani yake babu anagusa spoku 11. Tisa nimeweza kuzipima vizuri, kwa programu ileile iliyoniponza, safari hii naandika mshale unaposimama badala ya kumlazimisha. Mbili zimefunikwa na jogoo. Halafu kaka yangu aliyeko nyumbani amezigeuza spoku, akakuta upande wa chini tatu bado zina mstari mwembamba wa kutu pale zilipokuwa zimelala juu ya daraja, msasa wangu haukufika. Moja kati ya hizo ni ya kwenye voisi, na mstari na kipimo vimekubaliana. Kwa hiyo tuna 11 kati ya 17.

Sita hatuna. Jirani mmoja kati ya wale watwangaji bado yupo, na Pasaka nitakwenda kumwomba aimbe huku akitwanga, kaka akiwa na plaizi, mimi na daftari. Labda zitapatikana. Labda tutapata sita zake yeye, zisizo za bibi, na babu ndiye ataamua kama zinakaa. Anaweza pia kukataa, na atakuwa na haki. Nilimpigia simu Jumatano kumwomba msamaha, safari hii bila mzaha. Akanisikiliza, akauliza kama chuoni tunakula vizuri, akasema spoku ni chuma tu, lete watu waimbe.

Ombi langu kwenu ni dogo. Wengi wetu hapa tuna mzee nyumbani mwenye zeze, filimbi, ngoma au kitu ambacho hakina hata jina. Mkienda likizo rekodini kila waya na kila ulimi, kimoja kimoja, polepole, na jina la mzee mlitaje mwanzoni. Mwulizeni sauti hizo alizitoa wapi. Plaizi iacheni kwenye boksi la vifaa.

Ni hayo tu kwa leo. Nakwenda kuhangaika na saikolojia, mniombee. Na wale sita wa Jumapili, ile voisi bado ninayo. Njooni chumbani tuisikilize tena.